Fundi Amekimbia

Jumamosi asubuhi watu waliingia katika chumba cha fundi cherehani wakabeba vitambaa vyote vya sare za shule, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, na mmoja wao akaondoka na kichwa cha cherehani, kwa sababu walisikia fundi amekimbia. Habari yenyewe haikuwa ya uongo. Fundi alikuwa amekimbia kweli. Alikuwa amekimbia kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye tangi la maji, kama alivyokuwa akikimbia kila siku, na baada ya hapo akapitia dukani kununua zipu.

Kukimbia kwenyewe hakukuwa wazo lake. Mkewe alikuwa mfanya usafi katika zahanati, na baada ya kuchoka kumwona mumewe akinywa maji kama gari linalovuja rejeta, alimvuta mkono mpaka kwa daktari wa pale. Daktari akampima, akamtazama tumbo, akauliza anafanya kazi gani.

"Fundi cherehani."

"Unakaa siku nzima?"

"Nakaa, lakini miguu inafanya kazi. Napiga pedali."

"Hayo ni mazoezi ya cherehani," daktari akasema. "Mimi nataka yako. Kimbia kidogo kila siku. Si mashindano. Toka jasho, rudi nyumbani. Usipokimbia wewe, sukari itakukimbiza, na yenyewe haichoki."

Mtu mzima kukimbia mtaani bila kitu nyuma yake si jambo dogo. Siku za mwanzo watu walimsimamisha. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake aliwaita kwanza watoto waingie ndani, ndipo akauliza kuna nini huko. Mlinzi wa ghala la saruji alishika rungu lake akatazama kule fundi alikotoka, aone nani anakuja. Fundi alimjibu kila mtu kwa kupunga mkono, maana pumzi ya kuongea hakuwa nayo. Alivaa raba za zamani na suruali ya kazini, na tumbo lilimtangulia.

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyemtania zaidi.

"Fundi, leo umekimbizwa na nani?"

"Sukari."

"Kama ni sukari simama bwana, ilete hapa niinywee chai."

Umbali wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Kutoka mlangoni unapita ghala la saruji, unakata kona kwenye karakana ya matairi, unafika kwenye tangi, unalizunguka, unarudi. Mtoto wa darasa la pili angeukimbia na begi mgongoni. Fundi mwanzoni alifika ghalani, akatembea uliobaki huku ameshika kiuno kama mjamzito. Baadaye akafika kona. Hakuna aliyempigia makofi, na yeye hakutegemea makofi.

Jambo ambalo hakulitegemea lilikuwa jingine. Akiwa kwenye cherehani kichwa chake kilikuwa na kazi: kipimo, mkasi, upindo, nani ana haraka na nani anajifanya ana haraka. Barabarani kichwa hakikuwa na kazi. Miguu ndiyo ilifanya yote. Kwa hiyo kichwa kikaanza kuokota mambo njiani. Akaona kwamba mkewe siku hizi akirudi kazini huweka begi sakafuni ndipo asalimie, na zamani alisalimia kwanza. Akaona kwamba mama yake hajavuka barabara kubwa tangu miguu ianze kumvimba, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama kuna mahali anataka kwenda. Akaona pia kwamba yeye mwenyewe ni mwongo.

Hili la mwisho lilimkuta karibu na karakana ya matairi na likamfanya atembee.

Hakuwa mwongo wa mambo makubwa. Alikuwa mwongo wa kesho. Alipokea kazi nyingi kuliko mikono yake, kama mafundi wengi, na kila mteja akampa kesho yake. Wateja walijua. Walikuwa na msemo wao kwamba fundi akikwambia kesho, muulize ya mwaka gani. Akimwona mteja kwa mbali aliinuka, akaingia chumba cha nyuma, akasimama nyuma ya pazia na futi shingoni. Mama yake, aliyekaa mlangoni mchana kutwa, ndiye aliyempokea mteja.

"Ametoka kununua nyuzi," alikuwa anasema.

Kinyozi alisema kwa nyuzi alizokwisha kununua yule bwana, ungeweza kuifunga dunia nzima ikawa furushi.

Alhamisi jioni, baada ya chakula, fundi alilitoa lililomkuta barabarani.

"Mama, kuanzia kesho wateja wakija usiwadanganye tena."

"Kesho ipi?" mama akauliza. "Ya kweli au ya wateja?"

Mkewe aliyekuwa anaosha vyombo akacheka hadi akaweka sufuria chini.

"Ya kweli, mama."

"Niwaambieje?"

"Nilipo. Kama nimelala, sema nimelala. Kama nakula, sema nakula. Usinifiche."

"Na nyuzi?"

"Nyuzi zimeisha."

"Afadhali," mama akasema. "Nimekudanganyia mpaka uongo umeniishia, mwanangu. Juzi nilimwambia yule mwenye suruali ya kijivu kwamba umekwenda kuzika. Akaniuliza amekufa nani. Nikakaa, nikatafuta, nikakosa mtu wa kumuua. Nikasema jirani wa zamani. Nilipolala nikawa namuomba radhi jirani."

"Umemuua nani?" mkewe akauliza.

"Simtaji. Bado mzima."

Wakacheka wote watatu, na jambo likaisha hapo. Fundi alilala akiwa mwepesi. Alijiona kama mtu aliyelipa deni, wakati alichokuwa amefanya ni kuliweka mikononi mwa mama yake.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Ijumaa fundi alishona bila kuinua kichwa. Sketi zilikuwa tayari marinda na mikanda, zimebaki zipu, na zipu za rangi ile ziliisha dukani. Muuzaji akasema mzigo mpya utafunguliwa Jumamosi asubuhi. Wazazi walishaanza kuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ulikuwa na sababu. Muda mfupi uliopita fundi mmoja wa mtaa wa chini alifunga mlango akaenda na vitambaa vya watu pamoja na malipo yao, na mpaka leo anatafutwa. Habari hiyo ilikuwa bado ya moto. Kila mwenye kitambaa kwa fundi yeyote alikuwa analala jicho moja.

Jumamosi fundi aliamka mapema kuliko siku zote. Simu yake ilikuwa imezeeka, haipokei chaji mpaka izimwe, kwa hiyo aliizima akaichomeka ukutani. Alitoka pamoja na mkewe, aliyekuwa anawahi zamu na begi lake kubwa la nguo za kazi. Wakaachana mbele ya mlango. Mkewe akaenda kulia, yeye akaanza kukimbia.

Siku hiyo hakutembea hata mara moja. Alipita ghala, akakata kona, akafika kwenye tangi, akalizunguka, akageuka, na miguu ikaendelea kwenda kana kwamba ni ya kuazimwa kwa mtu mwingine. Kichwa kikawa hakiokoti chochote. Alipofika tena karakana ya matairi aliona bado ana pumzi, akafurahi, na kwa sababu ya furaha hiyo akaamua asirudi nyumbani kwanza. Akanyoosha mpaka duka la vifaa vya ushonaji, akakaa kwenye ngazi kusubiri mwenye duka afungue. Jasho likamkaukia mgongoni. Alikaa pale muda mrefu, ameridhika, akiwatazama watu wanavyopita na shida zao.

Yaliyosemwa mlangoni wakati huo yalikuja kujulikana vizuri baadaye, maana mama aliyarudia neno kwa neno kwa kila aliyeuliza, na kwa wengine ambao hawakuuliza.

Aliyekuja kwanza ni Mama Mapacha. Alikuwa na sketi mbili kwa fundi, za watoto wanaofanana mpaka kwenye kipimo cha kiuno, na alikuwa ameshapiga simu akajibiwa kwamba haipatikani.

"Hodi hapa."

"Karibu mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Fundi yupo?"

"Hayupo."

"Amekwenda kununua nyuzi," Mama Mapacha akasema mwenyewe, akiwa ameshika kiuno.

"Hapana. Mambo ya nyuzi yamekwisha. Leo nakwambia kweli tupu," mama akasema. "Amekimbia."

Mama Mapacha akashusha mkono.

"Amekimbia?"

"Amekimbia. Ameniambia mwenyewe juzi, nisiwafiche tena."

"Tangu saa ngapi?"

"Bado giza giza."

"Na mkewe?"

"Wametoka pamoja. Na begi lake."

"Begi!" Mama Mapacha akashika ukingo wa mlango. "Yaani wamekuacha wewe peke yako, mama?"

"Sasa mimi na miguu hii nitakimbilia wapi?"

Mama alisema hivyo akicheka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa ruhusa ya kusema kweli baada ya muda mrefu, na alitaka aiseme yote. Mama Mapacha aliona kicheko kile akadhani bibi wa watu amechanganyikiwa kwa uchungu.

"Atarudi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Akichoka atarudi," mama akasema.

Mama Mapacha alikwenda pembeni akatoa simu. Wazazi wa shule ile walikuwa na kundi lao la kupeana habari, na aliyoyasema aliyasema kwa sauti, bila kuandika, ili yafike haraka. Jamani eeh, fundi wetu amekimbia. Na mkewe, na begi. Wamemtelekeza mama mzazi mlangoni. Vitambaa bado nimeviona vimo ndani. Mwenye chake awahi.

Waliwahi. Mtu angewaita kwa kazi ya kujitolea wasingefika nusu yao. Walikuja na vitenge kiunoni, wengine na miswaki bado mdomoni. Walimwamkia mama mmoja mmoja, vizuri kabisa, wakampita.

"Samahani mama."

"Tupishe kidogo mama."

"Pole sana mama, tunachukua tu chetu."

"Mnachukua nini?" mama akawa anauliza. "Subirini, si atarudi sasa hivi."

"Ndiyo mama, atarudi," wakamjibu, kama unavyomjibu mtoto aliyepoteza mpira.

Kinyozi alifika kufungua kibanda chake akakuta umati. Huyu ndiye angeweza kulimaliza jambo pale pale. Alimkuta mwanaume mmoja amebeba bunda la kitambaa begani akamuuliza kuna nini.

"Fundi amekimbia."

Kinyozi akacheka. "Sasa hilo nalo jambo? Huyo si anakimbia kila siku!"

"Mmesikia?" yule mwanaume akawageukia wenzake. "Hata jirani yake anasema. Tabia yake!"

Kinyozi akafungua mdomo aeleze, lakini walishamgeuzia migongo. Akafunga tena. Baadaye alisema alidhani watu wanachukua sare zao zilizokwisha kushonwa. Pengine alidhani hivyo kweli.

Tabu ya sare ni kwamba zote ni rangi moja. Kila sketi ilikuwa na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa jina la mtoto, lakini kwenye kuvutana karatasi zilidondoka, na tangu hapo hapakuwa na cha nani. Mwenye mtoto wa darasa la saba aliondoka na kisketi cha chekechea. Mwenye mtoto mmoja alitoka na sketi tatu akisema atakayejitokeza atampa. Mmoja alimwomba mama asimame, akavuta kitambaa kilichokunjwa juu ya kiti chake alichokuwa anakikalia ili asiumie. Mama akasimama, ameshika ukuta. Hakuna aliyemrudishia ili akae.

Baba mmoja dereva wa lori alichelewa. Alipofika hapakuwa na kitambaa hata cha kufutia pua. Alisimama katikati ya chumba, akatazama pasi, akatazama kuta, kisha akafungua skrubu za cherehani kwa bisibisi aliyokuwa nayo mfukoni, akakinyanyua kichwa chake kutoka kwenye meza, akakipakata.

"Hii dhamana," akawaambia waliobaki. "Watoto wangu wawili na nimeshalipa yote. Nakosaje?"

Hakuna aliyemzuia. Kila mmoja alikuwa na chake mkononi, na mtu mwenye chake mkononi hana sauti ya kumkataza mwingine.

Fundi alikuwa anarudi na mfuko wa zipu na vifungo. Karibu na ghala la saruji alimwona mwanamke amekunja kitu kwapani, na hakuhitaji kuuliza ni nini. Fundi huujua mshono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ilikuwa sketi yenye marinda upande mmoja.

"Samahani dada, hiyo umeitoa wapi?"

Mwanamke alimtazama, akarudi nyuma hatua moja, akapiga ukelele.

Fundi akamwacha, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani. Hakuwa amewahi kukimbia namna ile. Waliokuwa mlangoni kwake walimwona anakuja mbio, kifua mbele, mfuko unarukaruka mkononi, na mmoja akapaza sauti, "Huyo! Huyo anakimbia!" Wanaume wawili wakamkamata kabla hajafika, mmoja kola, mwingine mkanda wa suruali. Kola ikachanika. Mkono mwingine, hakuona wa nani, ukampiga kofi moja la kisogoni, si kofi la kuumiza, la kumshusha.

"Nilikuwa nakimbia!" fundi akasema, akihema.

"Tunajua ulikuwa unakimbia!"

"Nakimbia kila siku!"

"Na hilo tunalijua! Leo umepatikana!"

"Nakimbia mpaka kwenye tangi, narudi! Daktari kaniambia!"

"Daktari kakwambia ukimbie na sare za watoto?"

Wakacheka. Fundi akatazama ndani kupitia mabegani mwao akaona meza ya cherehani imebaki na tundu. Aliacha kuvutana nao. Mama yake alikuwa amesimama vile vile, mkono ukutani, akimtazama mwanawe akiwa ameshikwa mkanda.

Mama Mapacha ndiye aliyeuchukua ule mfuko. Aliufungua atafute pesa zake. Akatoa zipu, akatoa zipu nyingine, akaendelea kuzitoa na kuzipanga kwenye kiganja mpaka kiganja kikajaa, zote rangi ya sare.

"Hizi ni zipu," akasema.

"Zipu za nani?" mwanaume aliyeshika kola akauliza.

"Za sketi zetu." Akamtazama fundi viatu, akamtazama shati lililokuwa na chumvi ya jasho mgongoni. "Mtu anayetoroka hanunui zipu. Mwachieni."

Wakamwachia. Yule aliyeshika kola alijaribu kuilaza ile sehemu iliyochanika kwa kiganja, kama vile ingeshika.

Kisha kila mtu akaanza kueleza alivyosikia, na wote walisikia kutoka kwa mwingine, mpaka maelezo yakafika kwa Mama Mapacha, na Mama Mapacha akayapeleka kwa mama.

"Mama, si ulisema amekimbia?"

"Nilisema," mama akajibu. "Si amekimbia? Huyo hapo, anahema."

"Ungesema anafanya mazoezi!"

"Mazoezi nimeyaona mimi? Mimi nimemwona anakimbia."

Mama Mapacha akamgeukia fundi, na hasira ikamrudia kwa sababu aibu ilikuwa nzito kuibeba.

"Na wewe fundi unalo lako. Angeniambia umekwenda kununua nyuzi, ningeelewa. Ningerudi zangu nyumbani. Uongo wako tumeuzoea, tunajua kuishi nao. Sasa unambadilishia mama maneno bila kutuambia?"

Fundi alitaka kujibu kwamba siku ile hasa alikwenda kununua zipu, na kwamba uongo wa nyuzi ungekuwa karibu na kweli kuliko kweli yenyewe. Aliona halitamsaidia mtu. Akauliza tu, "Kichwa cha cherehani anacho nani?"

"Dereva," wakasema kwa pamoja, wepesi, kila mmoja akifurahi kuwepo mtu aliyefanya vibaya kuliko yeye.

Dereva alipopigiwa alikuwa tayari barabarani na mzigo wa safari ndefu. Kichwa cha cherehani alikuwa nacho chini ya kiti.

"Pole sana fundi," akasema. "Lakini siwezi kugeuza lori kwa ajili ya cherehani. Nikirudi."

"Unarudi lini?"

"Kesho kutwa. Au ile nyingine. Nitakupigia."

Fundi akakata simu. Kinyozi, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama mlangoni pake na wembe mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kunyoa, alitafuta neno la kumchangamsha. Akatazama meza, ile pedali yake na magurudumu.

"Wamekuachia miguu tu, fundi."

Hakuna aliyecheka, na kinyozi akarudi kibandani kwake.

Mkewe alirudi alasiri. Aliweka begi chini, akasimama bila kusalimia. Habari alishazipata njiani. Watu watatu walimsimamisha wampe pole na wawili wakamuuliza kwani amerudi.

"Zimerudi ngapi?" akauliza.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni na sindano ya mkono, anatia zipu kwenye zile zilizorudishwa. Rundo halikufika magoti.

"Hizi."

"Nyingine?"

"Wanasema wataleta."

"Watashonesha wapi kati ya sasa na Jumatatu?"

"Kwa wengine. Wameshapeleka kwa wengine. Wanasema mtoto hawezi kwenda shule na zipu iliyoshonwa kwa mkono."

Mkewe akakaa, akavua viatu, akachukua sindano ya pili. Hakujua kushona vizuri; alijua kutia vifungo. Akatia vifungo. Baada ya muda akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Mama?"

Wote wawili wakatazama chumba cha nyuma. Mama alikuwa amejilaza amegeukia ukuta. Mkwe wake akaenda akakaa kitandani, akamshika mguu uliovimba.

"Mama, hujakosea. Watu ndio wamesikia vibaya."

"Nimesema kweli," mama akasema bila kugeuka.

"Umesema kweli."

"Mwaka mzima nadanganya, hata mtu mmoja hajaguswa. Nimesema kweli siku moja, mwanangu kapigwa mbele yangu."

"Hajapigwa mama. Wamemshika tu."

"Kapigwa. Kofi. Nimeliona, na aliyempiga nimemwona. Aliniamkia shikamoo alipoingia."

Fundi alisikia kutoka sakafuni. Alitia sindano, akaitoa, akaitia tena. Mkewe alirudi akakaa, na zikaendelea kazi zile mbili, zipu na vifungo, hadi Jumapili usiku.

Jumatatu watoto walikwenda shule, baadhi na sare za fundi, wengi na za mafundi wengine, mapacha wawili na nguo za nyumbani kwa sababu mama yao aliona haya kufuata sketi zake, na fundi alipozipeleka mwenyewe alikuta wameshaondoka.

Jambo lile liligharimu hivi. Kichwa cha cherehani kilirudi mwishoni mwa mwezi kimefungwa kwa kamba ya mzigo, mhimili umepinda, na fundi mitambo alisema kitashona lakini kitapiga kelele. Kinapiga kelele mpaka leo. Sketi nne na suruali mbili hazikuonekana tena, na vitambaa vya kuwalipa wenyewe vilinunuliwa kwa fedha ya kodi ya nyumba. Mkewe akachukua zamu za Jumapili. Nusu ya wateja walihama, si kwa hasira, kwa aibu: mtu aliyetoka chumbani kwako na vitu vyako kwapani hawezi kukuletea kitambaa kingine akakutazama usoni wakati unampima. Kazi zikapungua, na kwa kuwa zimepungua fundi anazimaliza siku aliyoahidi, jambo ambalo hakuna aliyebaki wa kulisifu. Bado anakimbia mpaka kwenye tangi na kurudi. Daktari amemwambia sukari imeshuka kidogo.

Mama alihamisha kiti chake chumba cha nyuma, akakielekeza uani. Mkwe wake alimfundisha maneno mapya: aseme fundi yuko mazoezini, hayo hayana madhara. Mama aliyasema mara moja, taratibu, kama anayeonja dawa, akatikisa kichwa. Sasa mtu akipiga hodi asubuhi na fundi hayupo, mama yumo ndani, anasikia, na haitikii.